Taarifa ya Dakika Kumi ni Kazi ya Siku Nzima

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu wa sekondari na watumishi wa halmashauri, waliokutana kushauriana juu ya kuwafundisha wanafunzi kuandaa taarifa ya habari ya redio.)



Niliombwa nizungumze juu ya namna ya kuwafundisha wanafunzi kupanga na kutangaza taarifa ya habari ya mahali wanapoishi. Nilipoisoma barua ya mwaliko nilidhani mnataka niwatajie vyombo: kinasa sauti kipi kinunuliwe, chumba kiwe na ukubwa gani, na kadhalika. Vyombo nitavigusa kidogo, lakini sivyo vilivyonileta hapa. Kilichonileta ni imani yangu kwamba mwanafunzi anayejifunza kutangaza habari za wilaya yake anajifunza jambo kubwa kuliko utangazaji, nalo ni kuwajibika kwa maneno yake mbele ya watu wanaomjua. Jambo hilo hawezi kujifunza peke yake. Anahitaji mwalimu atakayemruhusu kuuliza, na anahitaji mtumishi wa umma atakayekubali kumjibu. Mkiondoka hapa na hilo moja tu, nitaridhika.

TULIKOTOKA

Utangazaji wa redio katika nchi yetu ulianza mwaka 1951, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika hilo likavunjwa, kazi ikachukuliwa na Serikali yenyewe, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wazee waliomo ukumbini humu wanazikumbuka ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji hodari ambaye hakuwa na macho ya kuona, zilizotangulia taarifa ya habari. Ngoma zile zikilia, watoto walinyamazishwa na mikono ikatulia juu ya sinia.

Wanakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Naomba tuzingatie jambo moja katika kampeni ile. Kila kikundi, baada ya kuizima redio, kilijiuliza: hili tulilosikia, hapa kwetu lina maana gani? Swali hilo la "hapa kwetu" ndilo chimbuko la habari za mahali. Tatizo la wakati ule ni kwamba majibu hayakuweza kurudi redioni kwa wepesi. Studio ilikuwa mbali na simu zilikuwa za kuhesabu.

Leo studio imesogea. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo visivyo vya Serikali, na katika miaka iliyofuata wananchi wa mahali kama Terrat katika Simanjiro, Pangani katika Mkoa wa Tanga, na Micheweni kule Pemba wakapata redio zao. Mafunzo nayo yamesogea. Chuo cha Uandishi wa Habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, na Chuo Kikuu hicho kikawa na redio yake ya Mlimani ambamo wanafunzi hujifunza kazi kwa kuifanya.

Kusogea huko kuna faida na kuna uzito wake. Mtangazaji wa taifa akilikosea jina la mtu wa kijiji cha mbali, huenda maisha yake yote asikutane naye. Mtangazaji wa wilayani atakutana naye gulioni siku ya pili yake. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mwanafunzi, taarifa ya mahali ni shule ngumu kuliko taarifa ya taifa. Haina pa kujificha.

SAA MBILI NA SAA NANE

Naomba mniruhusu nieleze kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa na zamu za kuandaa taarifa ya dakika kumi katika redio moja ndogo. Asubuhi moja ilifika barua kutoka ofisi moja ya afya, imeandikwa kwa Kiingereza, ikitangaza siku ya huduma ya mkoba katika kijiji kimoja. Wauguzi wangefika kuwachanja watoto dhidi ya surua. Saa ya kuanza iliandikwa kwa tarakimu: 8:00. Nilikuwa nimebakiwa na robo saa kabla ya kwenda hewani. Nikaandika "saa nane". Nikaisoma habari ile kwa sauti ya kujiamini, na wenzangu wakanisifu kwa matamshi mazuri.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Wauguzi walifika saa mbili asubuhi, kama barua ilivyosema kwa hesabu ya Kizungu. Waliwakuta akina mama wachache waliopashwa habari na mwenyekiti wa kitongoji. Wakawahudumia, wakangoja, na ilipotimia saa sita wakafunga makasha yao ya barafu, maana chanjo haistahimili joto, wakaenda kijiji kingine. Saa nane mchana wakafika akina mama walioisikiliza redio, wengine wametembea mwendo mrefu katika jua, watoto mgongoni. Wakaukuta uwanja mtupu.

Mwalimu wetu hakunifokea. Alinipandisha kwenye pikipiki akanipeleka kijijini, nikasimama mbele ya akina mama wale nikaomba radhi. Mmoja wao, mtu mzima wa umri wa mama yangu, alinitazama kwa utulivu akaniuliza: "Mwanangu, hukujua saa, au hukutujali?"

Ndugu zangu, saa nilizijua. Hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua kwamba saa mbili ya asubuhi ndiyo nane ya Kizungu. Nilichokosa si elimu. Nilikosa simu moja ya dakika moja ya kumwuliza aliyeandika barua: je, ni saa mbili asubuhi? Kesho yake tulisahihisha saa ile ile ya taarifa, na huduma ikapangwa upya baada ya wiki mbili. Lakini sina hakika kama mama aliyekwisha kutembea bure mara moja alikubali kutembea tena.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba taarifa ya wanafunzi ni mchezo wa kujifunzia tu, swali la yule mama hunijia masikioni.

SIKU YA KAZI

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Taarifa ya dakika kumi ina sekunde 600. Tukitoa sekunde 60 za muziki wa kufungulia, salamu na vichwa vya habari, na sekunde 40 za kurudia vichwa hivyo na kuaga, zinabaki 500. Sekunde 500 ndizo shamba letu, na kila habari hudai ekari zake.

Siku inaanza kwa kikao cha asubuhi. Mezani pana daftari la matukio, ambalo kila mwanafunzi ameandika humo jambo alilolisikia au analolitarajia. Tuchukue mfano wa asubuhi moja katika wilaya yoyote. Daftari lina mambo sita. Pampu ya maji ya kata moja imeharibika, leo ni siku ya kumi. Mkuu wa Wilaya amefungua madarasa mapya. Bei ya mahindi imepanda gulioni. Huduma ya mkoba itafanyika keshokutwa. Ligi ya kata imefika nusu fainali. Na la sita ni ujumbe uliosambazwa kwa WhatsApp usiku kucha, usemao kwamba wapo watu wenye gari jeusi wanaoiba watoto.

Mwanafunzi mmoja atasema habari ya kwanza iwe ya Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mwingine atasema iwe ya gari jeusi, kwa kuwa inatisha na kila mtu anaizungumza. Hapa mwalimu asikimbilie kuamua. Awaulize swali moja: ni nani atakayefanya jambo fulani leo kwa sababu ameisikia habari hii? Wakilitafakari swali hilo wataona kwamba pampu inawagusa watu wa kata nzima kila asubuhi. Wataona pia kwamba habari ya Mkuu wa Wilaya ni habari kweli, lakini uzito wake hauko katika msafara wa magari. Uko katika wanafunzi waliokuwa wakikaa mia katika chumba kimoja na ambao sasa wamegawanywa. Habari ikiandikwa hivyo, kiongozi mwenyewe ameheshimiwa zaidi kuliko kwa kutajiwa vyeo.

Na gari jeusi? Hilo haliendi hewani mpaka polisi waulizwe, na mpaka apatikane mzazi mmoja mwenye jina aseme kwamba mtoto wake ametoweka. Asipopatikana, hakuna habari ya kuibwa kwa watoto. Uvumi wa namna hii umekwisha kuwafanya watu wasio na hatia wapigwe barabarani. Mwanafunzi aliyekizuia kisa hicho asubuhi amefanya kazi kubwa siku hiyo, ingawa sauti yake haikusikika hewani.

Baada ya mjadala kazi hugawanywa. Mhariri wa siku ndiye mwenye neno la mwisho. Wapo waandishi wanaotoka nje, yupo fundi wa mitambo, wapo wasomaji wawili, na yupo mmoja mwenye saa mkononi. Sekunde 500 nazo hugawanywa: pampu 150, madarasa 110, mahindi 100, huduma ya mkoba 80, ligi 60. Vyeo hivi vizunguke kila wiki. Mwenye sauti tamu asiachiwe kusoma siku zote huku mwenzake akiachiwa kufagia studio, maana tutalea wasomaji wasiojua habari hutoka wapi.

Aliyepewa habari ya pampu anapanda baiskeli. Mwenyekiti wa kijiji anamwambia kwamba kamati ya maji haikukusanya michango. Mweka hazina wa kamati anamwambia kwamba michango ilikusanywa ikakabidhiwa kwa ajili ya kununua kipuri. Mhandisi wa maji wa wilaya anasema kipuri kimeagizwa na hakijafika. Hapo mwanafunzi anachanganyikiwa, na mimi nasema mwacheni achanganyikiwe kidogo, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoanzia. Aombe kuona stakabadhi. Ahesabu mwenyewe madumu yaliyopangwa foleni mtoni. Aulize dumu moja linauzwa bei gani na wachuuzi. Kisha aandike: huyu amesema hivi, yule amesema vile, na haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Anayelaumiwa aulizwe kabla ya taarifa kwenda hewani, si baada yake. Msamaha wa baadaye haumfikii kila aliyesikia lawama.

KUANDIKIA SIKIO

Karibu saa nane mchana (na hii ni saa nane kweli) waandishi wamerudi na uandishi unaanza. Mwanafunzi ambaye amefundishwa insha tangu darasa la tatu atalazimika kujifunza upya. Msomaji wa gazeti akipotea, hurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji wa redio hana pa kurudi. Yuko jikoni anageuza ugali, au yuko njiani, simu mfukoni. Neno likimpita limempita.

Kwa hiyo zipo kanuni ambazo wanafunzi wetu waziweke ukutani.

Kwanza, sentensi moja ibebe jambo moja. Kiswahili chetu kina uwezo wa kuunganisha "ambayo" na "ambacho" na "ambao" hadi sentensi ikawa ndefu kama treni ya mizigo. Sikio haliwezi kuivuta.

Pili, msemaji atangulie usemi. Aandike "Mhandisi wa maji amesema kipuri kitafika Ijumaa", wala asianze na "Kipuri kitafika Ijumaa" kisha akatafuta mahali pa kumchomeka mhandisi. Msikilizaji ana haki ya kujua ni ahadi ya nani kabla ya kuiamini.

Tatu, wajihadhari na viambishi. Lugha yetu haibagui mwanamume na mwanamke katika "yeye", na ni heri kwamba iko hivyo. Lakini mwanafunzi akiandika kwamba mwenyekiti alimwambia mhasibu kuwa fedha zake zimepotea, ni fedha za nani? Katika kijiji chenye mwenyekiti mmoja na mhasibu mmoja, kiambishi kimoja kinatosha kuvunja heshima ya mtu. Alitaje tena jina au cheo, hata kama mwalimu wa insha atamkata maksi kwa kurudiarudia.

Nne, tarakimu zilainishwe bila kudanganya. Shilingi 4,873,500 husomwa "karibu shilingi milioni nne na laki tisa". Na saa iandikwe kwa Kiswahili pamoja na wakati wake: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Hiyo nimeilipia ada, nawapeni bure.

Tano, lugha ya ofisi ibaki ofisini. Taarifa ikisema "changamoto ya upatikanaji wa huduma ya maji", mwanafunzi aulize inamaanisha nini, kisha aandike: maji hayatoki. Ikisema "zoezi la utoaji wa chanjo", aandike: watoto watachanjwa. Kuna watu hudhani maneno mepesi yanamshushia mtu hadhi. La hasha. Maneno mepesi huonyesha kwamba msemaji ameelewa.

Kisha huja kipimo. Kila mwanafunzi asome kwa sauti huku mwenzake akishika saa, ajue yeye husoma maneno mangapi kwa dakika. Tuseme anasoma 110. Habari ya pampu imepewa sekunde 150, na ndani yake mna sauti ya mhandisi ya sekunde 40. Zimebaki sekunde 110, yaani maneno kama 200 tu. Maneno 200 hayajazi ukurasa, na mwanafunzi ameandika kurasa tatu! Atalia, atasema kila kitu ni muhimu. Mwacheni akate. Atakapoamua lipi libaki na lipi liondoke, ndipo atakapojua kama ameielewa habari yake au aliinakili tu.

MLANGO WA OFISI

Ndugu Watumishi, sasa nawaelekea ninyi, na naomba mnivumilie.

Wanafunzi wanapoanza kazi hii, kikwazo chao kikubwa si fedha. Ni mlango wa ofisi. Kijana amebisha hodi, ameamkia, amejitambulisha, ameeleza anachotaka: kujua kipuri cha pampu kitafika lini. Anajibiwa, "Mimi si msemaji." Anaelekezwa kwa mkubwa. Mkubwa yuko kikaoni. Akirudi kesho, mkubwa yuko safarini. Saa kumi jioni kijana huyu ana sekunde 150 tupu. Mnadhani atazijaza kwa nini? Atazijaza kwa maneno ya kijiweni, au ataiacha habari ya maji na kusoma taarifa ya semina iliyoletwa ikiwa imekwisha kuandikwa. Kwa njia hiyo tunamfundisha mambo mawili mabaya kwa pamoja: kwamba uvumi hupatikana kirahisi kuliko ukweli, na kwamba habari ni kile ambacho wakubwa wamekileta.

Nafahamu kwamba utaratibu wa wasemaji upo na una sababu zake. Si kila mtumishi anaweza kuizungumzia ofisi nzima, na zipo siri za kazi zinazostahili kulindwa. Lakini siku ya chanjo si siri. Siku ya kufika kipuri si siri. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuomba na kujibiwa, na muda wa kujibu unaweza kufika siku 30. Siku 30 zinafaa kwa faili nene. Kwa dumu la maji, siku 30 ni nyingi mno.

Ninayoyaomba ni mambo matatu mepesi. Kila idara imteue mtu mmoja ambaye wanafunzi wanaweza kumpigia simu kabla ya saa kumi jioni, na asipokuwapo awepo wa kumshikia nafasi. Matangazo yaendayo kwa wananchi yaandikwe kwa Kiswahili, na saa ziandikwe kwa maneno. Na mwanafunzi akikosea, mtumishi ampigie simu amsahihishe kabla ya kumwandikia barua mkuu wa shule. Ofisi ile iliyoleta barua ya 8:00 haikuwa na nia mbaya hata kidogo, wala mimi sikuwa nayo. Baina yetu palikosekana mazungumzo ya dakika moja, na gharama yake wakailipa akina mama ambao hawakuiona barua wala studio.

MSTARINI

Ndugu Walimu, najua mtauliza: shule yetu haina redio, tuanzeje?

Kwanza niseme la sheria, ili pasiwe na atakayejikwaa. Kurusha matangazo hewani kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Fundi wa mtaani akiwaahidi kuwatengenezea mtambo wa kurusha, msimkubali. Lakini kujifunza hakuhitaji mtambo wa kurusha. Kunahitaji daftari, saa na mstarini. Taarifa ya dakika tano ya kila Ijumaa asubuhi, isomwe mbele ya shule nzima, ni taarifa kamili. Simu moja ya mwalimu yenye kinasa sauti yatosha kuchukua sauti ya mpishi au ya mwenyekiti wa kijiji. Chumba chenye mwangwi hutulizwa kwa blanketi na kanga ukutani. Wakishakomaa, ndipo shule iende kwenye redio yenye leseni iliyo karibu, iombe nafasi kwa juma mara moja, na mhariri wa redio hiyo aisikilize kazi yao kabla ya kuirusha.

Ipo hofu moja ambayo walimu huniambia pembeni, nami nitaisema hapa hadharani. Siku moja mwanafunzi ataleta habari kwamba vyoo vya wasichana vimejaa, au kwamba maharage ya chakula cha mchana yana wadudu. Mwalimu afanye nini? Njia moja ni kuikata habari hiyo. Shule itatulia, na kila mwanafunzi atakuwa amejua kwamba ukweli ni wa vijiji vingine. Njia ya pili ni kumwambia: "Nenda kamwulize mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi, uhesabu matundu ya choo, kisha uandike majibu yao." Kijana akirudi na majibu hayo, habari imekwisha kugeuka. Si malalamiko tena. Ni jambo lililo mezani, lina takwimu, na lina mtu aliyeahidi tarehe. Mimi sijaona shule iliyobomoka kwa sababu hiyo. Nimeona matundu ya vyoo yakiongezeka.

Mipaka ipo na tuifundishe mapema. Mtoto aliyedhulumiwa hatajwi jina, wala kijiji chake, wala jina la mzazi wake. Maiti haielezwi kwa namna ya kuwaumiza wafiwa. Ugomvi wa nyumba ya mtu si habari ya wilaya. Na mwandishi hapokei bahasha, hata ikiitwa nauli. Mwanafunzi akizoea kuipokea angali chuoni, hakuna mhariri atakayemwachisha.

Kila taarifa ikishasomwa, darasa likae nusu saa kuipima. Tumekosea wapi? Ni nani hatukumwuliza? Ni sauti ya nani haikusikika: je, wanawake, wavuvi, wenye ulemavu? Kama lipo kosa, sahihisho lake lisomwe katika taarifa inayofuata, mwanzoni, kwa sauti ile ile iliyosoma kosa. Mwalimu akiniuliza nimwekee mtihani mmoja tu wa somo hili, nitamwambia asipime sauti. Apime namna mwanafunzi anavyosahihisha kosa lake.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie hapa. Miaka hamsini iliyopita wananchi waliketi chini ya mwembe kuizunguka redio moja, wakaiamini, wakainuka kufanya kazi. Imani ile haikuja bure, na wala haitudumu kama urithi wa shamba. Hupatikana kwa taarifa moja baada ya nyingine, na inaweza kupotea kwa tarakimu moja, kama nilivyoipoteza mimi. Vijana wetu wako tayari kuifanya kazi hii. Jioni hii, au kesho asubuhi, mmoja wao atabisha hodi katika ofisi ya mmoja wenu, daftari mkononi, na swali ambalo huenda litaonekana dogo.

Naomba mwambieni, "Karibu, mwanangu, keti," kisha mumjibu.